Pensheni ya bibi haiishii kwa bibi

Kila mjadala wa pensheni ukiibuka Mwanza, tunagombania kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao: mkupuo uwe asilimia ngapi, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watalipa lini. Ni haki ya wastaafu kudai. Ila bibi wa Igombe aliyeanika dagaa maisha yake yote hajawahi kukatwa mchango, na huku Bara hakuna pensheni ya kila mzee ambayo naye angeipata.

Na huyo ndiye anayelea wajukuu. Pita ufukweni asubuhi umwone akigeuza dagaa juani, mjukuu kasimama pembeni na sare yake, anasubiri hela ya daftari. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza, na mtoto anaenda shule mikono mitupu.

Wenzetu wamethubutu. Zanzibar tangu Aprili 2016 inamlipa kila aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ng'ambo ya ziwa, Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza 2003 kuwapa wazee kiasi kidogo, na nyongeza kwa anayelea wajukuu.

Wanaopinga husema watoto wataacha kutuma hela nyumbani. Wana hoja. Afrika Kusini, mchumi Robert Jensen aligundua kwamba kila randi moja ya pensheni ilipunguza hela za watoto kwa senti 25 hadi 30. Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha sehemu kubwa ilibaki kwa mzee. Na hiyo robo iliyopungua, mimi siioni kama hasara: kijana wa bodaboda Nyakato anayegawa kipato chake kati ya mama yake na ada ya mwanawe anapata pa kupumulia. Ukoo mzima unafaidika.

Kuna jambo jingine nalisisitiza, hata kama wazee wenzangu wa kiume watanuna. Huko huko Afrika Kusini, mchumi Esther Duflo alikuta wajukuu wa kike walikuwa na afya bora pale pensheni ilipopokelewa na bibi. Ilipopokelewa na babu, hakuona tofauti hiyo. Kwa hiyo isilipwe kwa mkuu wa kaya. Tuanze na miaka 70 kama Zanzibar, kila mzee kwa jina lake, na bibi apokee yake mkononi mwake, isipitie kwa mumewe wala kwa mtoto wa kiume.