Suruali ya Masaji Haifungwi Kama Kikoi

Masaji ya Kithai haina mafuta wala huvui nguo zote. Unapewa fulana pana na suruali ya wavuvi, ambayo kiuno chake wanaingia watu wawili na nafasi ya mtoto inabaki. Kamba zimeshonwa nyuma. Unavuta kitambaa mbele, unakikunja, unafunga kamba juu yake, kisha unapindua ukingo uifunike kamba.

Mimi mtu wa Tanga, Bangkok anifundishe nani kujifunga kiunoni? Nikakunja kulia, nikakunja kushoto, nikaviringisha kama kikoi. Kamba nikaziacha zining'inie. Ikakaza barabara.

Mkandaji alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwembamba. Akaniosha miguu kwenye beseni, akanilaza kwenye godoro jembamba sakafuni. Wanaanzia nyayo na kupanda, wakifuata njia kuu 10 za nguvu mwilini wanazoziita sen. Dole gumba, kiganja, halafu kiwiko. Kiwiko kilipofika pajani nikajua yule mama kashaambiwa madhambi yangu yote. Akahamia kwenye kinena, akakilalia kwa kiganja bila kusogea, mguu ukaanza kufa ganzi. Pale anabana mshipa mkubwa wa damu. Akiachia, joto linashuka hadi vidoleni. (Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba aseme mapema, hilo waliruke.)

Akanigeuza kifudifudi. Akapiga magoti juu ya mapaja yangu, tukashikana vifundo vya mikono, akaniashiria nivute pumzi. Nilipoitoa, akajivuta nyuma kwa uzito wake wote.

Sasa, mviringo wa kikoi unashikwa na tumbo. Kifua kiliponyanyuka, tumbo likaingia ndani, mviringo ukafunguka. Na suruali yenyewe ilikuwa imekaliwa na magoti ya mama. Mwili ukaja juu, suruali ikabaki na mama.

Mikono yangu yote miwili iko kwake, nijisitiri na nini? Pazia la pembeni lilikuwa limefunguliwa feni ipulize. Mzungu wa godoro la pili akakodolea dari.

"Mama, niachie!" Kwa Kiswahili, tena kwa sauti.

Akadhani naumia. Na mtu aliyevutwa hivyo haachiwi ghafla, mgongo unaweza kushtuka, anashushwa taratibu. Basi akanishusha taratibu, taratibu mno, huku ananibembeleza. Masaji hii UNESCO waliiorodhesha kama urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2019. Sidhani kama waliletewa picha ya hatua ile.

Hakucheka. Alinifunika taulo, akanifunga kamba mwenyewe, mafundo mawili, akapiga na la tatu. Kisha akarudi palepale mapajani na kunyoosha mikono: hatua ile alikuwa hajaimaliza.

Wakati wa kulipa nilimpa bakshishi ya baht 100. Mzungu naye akampa, akaomba kesho alazwe chumba cha juu.