Simu ni ya mama, anayeishika ni mtoto

Jirani yangu hapa Mbagala, Dar es Salaam, ni fundi cherehani. Siku moja aliniletea simu yake. "Dada, hebu niangalizie, imejaa, haipokei hata picha za mishono ya wateja." Nikaanza kufuta: video za harusi, vitenge, jumbe za sauti za kikoba. Chini kabisa, kwenye sehemu ya WhatsApp ambayo mazungumzo huwekwa pembeni yasionekane, nikakuta namba isiyo na jina. Mazungumzo ya wiki tatu. Yalianza kwa salamu, yakaja maneno ya kusifia, ikaja vocha ya elfu moja. Halafu: "Uko peke yako?" Halafu: "Mama asijue." Na mwisho kabisa: "Usiponitumia picha nyingine, hii naipeleka kwenye grupu la shule yenu."

Aliyekuwa akijibu ni binti yake wa miaka 13, yuko Darasa la Saba. Kila usiku, mama akiwa anamalizia oda, yeye alikuwa anapewa simu afanye kazi za shule.

Mama aliposoma, kitu cha kwanza alichotaka ni kuivunja simu. Cha pili, fimbo. Simlaumu, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Lakini baadaye nilipokaa na yule mtoto nikamuuliza kwa nini alinyamaza wiki tatu nzima, alinijibu kwa sauti ndogo: "Mama angeninyang'anya simu, halafu angenipiga." Mtu yule alilijua hilo kabla sisi hatujalijua. Ndiyo maana kila alipomtisha alimtaja mama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima upya jambo ambalo wazazi tunabishana kila tukikutana, kwenye vikao vya shule hata misibani. Wapo wanaosema mtoto afungiwe na simu ikaguliwe, basi. Wapo wanaosema mtoto afundishwe, azungumzwe naye, aaminiwe. Kila upande una jambo la kweli ambalo mwenzake hapendi kulisikia.

Nianze na wa kufunga, maana huko nje wamepata nguvu kubwa. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025: aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat, YouTube na mitandao mingine kadhaa. Kampuni isiyochukua hatua za kuwazuia inaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za nchi ile. Mzazi hatozwi kitu, mtoto hatozwi kitu. Hapo nawapongeza kwa moyo wote. Kwa miaka mingi mzigo huu umebebeshwa mama mmoja mwenye simu moja, apambane na kampuni zenye maelfu ya wahandisi ambao kazi yao ni kuhakikisha mtoto haachi kutazama. Kuuhamishia mzigo huo kwa mwenye mtambo ni haki.

Ila sheria ile ingeletwa hapa kama ilivyo, binti wa jirani yangu isingemgusa. Kwanza WhatsApp haimo kwenye orodha, na kwetu WhatsApp ndipo maisha yalipo: kazi za shule, michango ya harusi, matangazo ya msikiti na kanisa. Pili, sheria inapima umri wa mwenye akaunti, na kwetu mwenye akaunti ni mama. Ukikagua uso utamkuta mtu mzima. Laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Kwa mtambo, yule mtoto hayupo kabisa. Ushauri mwingi tunaoletewa umeandikwa kwa nyumba ambayo kila mtoto ana kifaa chake. Family Link ya Google, kwa mfano, ni nzuri sana, lakini inataka mtoto awe na akaunti yake kwenye simu yake. Simu moja inayozunguka kwa mama, kaka na wadogo wawili haijaandikiwa ushauri.

Kwa watoto wadogo, hata hivyo, mimi nipo na wa kufunga, tena bila kusita. Mtoto wa miaka sita hana siri ya kulindwa kwenye simu ya mama yake. Simu nyingi za Android zinakuruhusu kubandika programu moja kwenye skrini: unafungua katuni, unaibandika, na hawezi kutoka hapo bila namba yako ya siri. WhatsApp ina mpangilio wa kuzuia watu usiowajua wasikuingize kwenye magrupu, na mwingine wa kunyamazisha simu za namba ngeni. Ni kazi ya dakika kumi, na haili bando.

Shida inaanza mtoto akikua. Mei 2023 WhatsApp ilileta uwezo wa kufunga mazungumzo mahususi, na kabla mwaka haujaisha ikaongeza namba ya siri ya kuyaficha yasionekane hata kama yapo. Unaweza kuikagua simu kila usiku na usione kitu. Ukimnyima simu yako, kuna ya rafiki, kuna ya dada wa kazi, kuna ya binamu aliyekuja likizo. Shule zetu nyingi za bweni haziruhusu simu kabisa, na nakubali kwamba darasani zina sababu. Lakini Desemba mtoto anarudi nyumbani akiwa na kiu ya miezi mitano, anafunguliwa mlango wote kwa siku moja, na katika miezi ile mitano hakuna aliyemfundisha lolote.

Wala tusijidanganye kwamba tunaweza kuwaweka watoto nje ya mtandao. Kenya ilipofunga shule Machi 2020, wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021, na kwa waliobahatika masomo yalikuja kwa simu. Tabia hiyo imebaki hadi leo.

Sasa wa kuzungumza na kuamini. Hoja yao ni tamu, nami kwa hulka ni wa upande huo. Lakini lazima niseme ukweli unaoumiza upande wangu: binti yule hakumwambia mtu yeyote. Nilijua kwa sababu nilipekua. Kama mama yake angekuwa na simu yenye nafasi kubwa, huenda wiki tatu zingekuwa miezi mitatu.

Hatari yenyewe si hadithi ya kutishia watoto. Utafiti wa Disrupting Harm uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ambao ripoti yake ya Tanzania ilitoka 2022, ulikuta asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Miongoni mwao asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja tu, idadi iliyokadiriwa kufika watoto 200,000 nchi nzima. Na mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Ukimfundisha mwanao "usiongee na usiyemjua" umemkinga na nusu ya jambo, labda pungufu. Anayemjua yumo kwenye orodha ya namba za mama.

Tena kuzungumza kunataka muda. Fundi anayerudi saa tatu usiku miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani, ukimwambia "kaa na mwanao mzungumzie usalama wa mtandao", unamwambia nini hasa? Na mambo haya kwetu hayana maneno mepesi kati ya mama na binti. Pwani ya zamani hayakuwa maneno ya mama hata kidogo. Yalikuwa ya somo, yaani kungwi wa binti, ya bibi, ya shangazi, mtu ambaye mtoto angeweza kumfungulia kifua bila kuona aibu ya kumtazama mama yake asubuhi.

Hapo ndipo mimi nimefika. Tumebishana sana juu ya simu tukasahau kumpa mtoto mtu. Mtu mmoja mzima, aliyetajwa kwa jina, ambaye si lazima awe mzazi, na ambaye mtoto ameambiwa mbele ya wazazi wake: ukipatwa na jambo kwenye simu, nenda kwa huyu, na kwa kusema kwako hutapigwa wala hutanyang'anywa simu. Ahadi hiyo ni ngumu kwa mzazi, najua. Inaonekana kama kumruhusu. Lakini ukitangaza kwamba kosa lolote la simu adhabu yake ni fimbo, umempa mhalifu silaha ambayo hakuwa nayo, na ataitumia bila kulipa hata senti. Kagua, ndiyo, lakini mtoto ajue kwamba unakagua, na ajue kwa nini. Ukaguzi wa kuvizia unamfundisha kitu kimoja tu, kuficha vizuri zaidi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na katika mambo haya kilio huwa ni cha nyumba nzima.

Kuna jambo dogo ambalo pande zote mbili hulipita, nalo ni sisi wenyewe. Yule mtu aliijua shule ya binti kwa sababu mama alimweka stetasi siku ya mahafali ya dada yake, yuko na sare, nembo imeonekana vizuri. Kenya Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za huko kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Tukaishangilia. Lakini wangapi kati yetu tunafanya hivyo hivyo kila Jumapili?

Tulichofanya siku ile ni hiki. Hatukufuta chochote katika mazungumzo yale, ingawa mama alitamani kufuta kila kitu. Tulipiga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe. Hatukumjibu wala kumlipa, na hatukumtumia ndugu yeyote ile picha, hata mjomba aliyetaka "kuthibitisha", maana picha ya namna hiyo ya mtoto kuisambaza ni kosa la jinai hata kama nia ni njema. Tukaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, jalada likafunguliwa. Tukapiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Na tukatumia Take It Down, huduma iliyoanzishwa 2023 ambayo huchukua alama ya kidijitali ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako, kisha mitandao iliyojiunga nayo huitafuta kwenye sehemu zake za wazi na kuizuia. Mtoto aliyekuwa anaogopa grupu la shule, aliposikia kwamba kuna kitu kama hicho, ndipo kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni.

Fimbo haikutumika. Mama alikaa kimya muda mrefu, akamwambia, "Ungeniambia," na binti akasema, "Sasa nimesema."

Simu bado ni moja. Saa tatu usiku inarudi kwenye meza ya cherehani, na mama ameomba nionyeshwe kila namba ngeni mimi ikiwa yeye yuko kazini. Ukutani, karibu na mlango, namba ya mita ya umeme ya LUKU imeandikwa kwa maka peni tangu walipohamia. Chini yake binti mwenyewe ameandika 116, na chini ya hiyo, namba yangu.