Mama Mkwe na Kitalu cha Minazi

Kitalu changu kilikuwa nyuma ya jiko, chini ya mwembe, hapa hapa Pangani. Nazi 100 za mbegu, zote za ule mnazi wetu mrefu wa asili, nilizifuata ng'ambo ya mto, Bweni, kwa mzee mmoja ambaye minazi yake inazaa mwaka baada ya mwaka. Sikutaka ile ya kujaa msimu mmoja, halafu msimu wa pili inakudondoshea vidaka vya kuchezea watoto. Na nazi ya mbegu haiangushwi ovyo. Inaachwa ikomae juu kwa juu, miezi 11 hadi 12, kumbi lianze kukauka, na ukiitikisa usikie maji yanacheza. Isiyolia maji, peleka kwenye mbuzi ikakunwe.

Nikazilaza ubavu mistari kwa mistari, nikazifukia mgongo ukabaki nje, nikatandaza makumbi makuukuu yashike unyevu. Baada ya hapo ni kumwagilia na kuomba Mungu. Nazi haina haraka na mtu: za mwanzo zinachomoza baada ya miezi miwili na ushei, nyingine mpaka wa nne, na hizo zinazotangulia ndizo zenye nguvu. Zangu zikatangulia. Vichipukizi vikatoka vimechongoka kama pembe za mwanambuzi, nikawa nashinda hapo nimeshika kiuno, wapita njia wakinipa hongera.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Tanga mjini kupunga upepo.

Nimwelezee kidogo. Ni mama wa heshima zake, mtandio hautoki kichwani, tasbihi haitoki mkononi, na jino kinywani limebaki moja la kushikia ahadi. Nyama hali, muhogo hali, mkate wa kumimina anaulowesha kwenye chai. Mke wangu akawa na mashaka mamake atakonda. Lakini wiki zikaenda na mama mashallah, mashavu yakajaa. Nikasema ni upepo wa bahari.

Wakati huo huo kitalu kikaanza kuugua. Mche uliokuwa kijani jana, leo unakunja jani. Keshokutwa umekuwa wa manjano, halafu kahawia, halafu kwaheri. Nikashuku mchwa, nikamwaga majivu. Nikashuku jua, nikaongeza makuti ya kivuli. Nikashuku maji ya kisima yamepanda chumvi, nikawa nachota bombani kwa kulipia ndoo. Jirani akaniambia ni mdudu chonga. Nikamjibu chonga anatoboa kilele cha mnazi, tundu unaliona kwa macho; hapa jani zima halina hata kovu.

"Mwanangu," akasema mama mkwe jioni moja, "hii si maradhi ya dawa za dukani. Hii husuda. Ulisimama nayo sana njiani."

Mama mkwe akisema husuda, wewe nani useme siyo? Akaomba chetezo, makaa na ubani. Akajitolea kila siku baada ya alasiri atafukiza kitalu mwenyewe, ila kwa sharti: mtu mzima asimfuate, kisomo kitaharibika. Wajukuu wanaruhusiwa, kwa kuwa ni malaika. Basi kila alasiri namwona anakwenda nyuma ya jiko, moshi unafuka, malaika watatu wanamfuata, mmoja kabeba panga. Nikauliza panga la nini. "La kukatia shari, baba," akanijibu mwanangu wa pili bila kupepesa.

Wallahi nilishukuru. Nilimpigia hata kaka yangu simu kumwambia mke wangu katoka nyumba ya watu wa dini.

Miche ikazidi kufa, na kufukiza kukazidi. Mwisho nikamwita bwana shamba. Akaja na pikipiki, akazunguka, akachuchumaa, akasugua jani kwa vidole. Akashika mche mmoja akauvuta taratibu. Ukatoka mwepesi, puu! Karibu aanguke chali.

Akaugeuza. Upande wenye macho ya nazi, kule mche unakotokea, ulikuwa mzima na mizizi yake. Upande wa pili ulikuwa umekatwa kwa panga, kata safi ya fundi. Ndani kifuu kimekombwa kikang'aa, hakuna nyama wala maji. Akavuta wa pili, vile vile. Wa tatu ulikuwa na kijiko ndani. Nikakitambua: cha ile seti ya harusi yetu, ambayo mke wangu haitoi hata wageni wakija.

"Joya," akasema bwana shamba, na nikamwona anameza mate.

Yeyote aliyekulia pwani analijua joya. Nazi ikianza kuota, ndani linaumbika donge jeupe, laini, tamu, linavimba mpaka linajaza kifuu. Ndilo linalonyonya ile nyama na maji na kuulisha mche mwaka wa kwanza na zaidi, mizizi ikijifunza kazi. Na kwa mtu wa jino moja hakuna chakula kizuri kama hicho duniani.

Nikageuka. Mama mkwe kasimama mlangoni na chetezo chake. Malaika wametawanyika kama hawajawahi kuzaliwa. Mke wangu anatazama kijiko.

Sasa mkweo unamwambia nini? Kumkaripia huwezi, kucheka huwezi, na bwana shamba anasubiri kusikia. Nikasema, "Mama, shikamoo." Ilikuwa mara ya pili siku hiyo.

"Marahaba mwanangu." Akavuta tasbihi punje mbili tatu. "Ile mbegu ya mstari wa ukutani ndiyo nzuri. Joya lake limeshiba. Hii ya huku kwenye mwembe ina uchachu, mwakani usirudie mti ule."

Bwana shamba, simsamehe, akatoa daftari akaandika.

Alipoaga kurudi Tanga, miche iliyopona haikufika ishirini. Akaomba apewe mitano, anataka naye akapande. Nikamfungia kwenye kikapu kwa mikono yangu, nikampandisha basi. Mama mkwe anakaa ghorofa ya pili.