Mkrismasi si mti wa kubanwa kando ya lami

Mkrismasi (Delonix regia) unajua kujinadi. Kiangazi kikikaza unapukutisha majani, unabaki na maganda meusi yanayogongana upepo ukivuma, na watu wanapita chini yake bila kuinua macho. Halafu ghafla mti mzima unakuwa mwekundu kwa maua, mara nyingi kabla majani hayajarudi sawasawa. Kusini mwa ikweta hilo hutokea karibu na Krismasi. Kaskazini, kuanzia mwezi Mei hivi. Hapo ndipo wapangaji wa miji hupagawa na kuagiza miche ya barabara nzima. Mti wamechagua vizuri. Mahali pa kuupanda ndipo wanapokosea.

Huu ni mti wa kutanuka. Kimo chake kwa kawaida ni kama mita 10, lakini matawi yanapoachwa yaende yanakotaka, upana wake huzidi kimo hicho, ukawa mwavuli bapa. Sasa upandwe kwenye kaukanda ka udongo ka mita moja, huku lami, huku ukuta, na juu nyaya za umeme! Haupiti muda watu wa misumeno wanafika. Mwaka huu wanaondoa matawi ya upande wa nyaya, mwaka ujao wanakata kilele, na kinachobaki ni gogo lenye vichipukizi vilivyosimama wima. Vichipukizi hivyo havishiki vizuri pale penye jeraha, kwa hiyo vikinenepa kidogo upepo unaving'oa. Na hata usipoguswa na msumeno, mbao zake si ngumu; dhoruba ikija, tawi zima linaweza kushuka juu ya gari lililoegeshwa.

Kuna na mizizi. Inatambaa juujuu, minene, inainua vigae na kupasua zege la njia ya miguu. Kisha mti ndio unaolaumiwa. Asili yake ni misitu mikavu ya magharibi na kaskazini mwa Madagaska, ambako hakuna aliyewahi kuuwekea ukingo wa zege.

Nikipewa bustani ya umma, mkrismasi ungekuwa wa kwanza kupandwa. Okota ua moja lililodondoka ulitazame kwa karibu: petali nne ni nyekundu, ya tano imesimama peke yake, nyeupe au manjano, yenye madoa na michirizi myekundu. Wapo wanaoziita petali hizo uchafu na kutaka zifagiliwe asubuhi na mapema. Sijui wanataka bustani ya nini, ya plastiki labda. Malalamiko yenye mashiko ni ya nyasi: chini ya kivuli kile, juu ya mizizi ile, hazistawi. Basi usizilazimishe, paache pawe udongo mtupu.

Barabara pana yenye ukanda mkubwa wa katikati nayo inafaa, mradi miti iachane vya kutosha. Kwa mtaa mwembamba tafuteni mti mdogo wenye maua, kama Lagerstroemia indica, ambao kwa kawaida hauzidi mita 8 na huvumilia kupogolewa.

Kuuotesha hakuna mambo mengi. Ganda lake ni gumu na linaweza kufikia sentimita 60. Ndani mbegu zimejipanga mojamoja, zenye ngozi isiyopitisha maji. Sugua mbegu kwa msasa upande mmoja mpaka rangi ya ndani ichungulie, uiloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, ndipo uipande. Ua la kwanza utalisubiri miaka mitano au zaidi, jambo ambalo wapanda miti wa kupigwa picha hawapendi kulisikia.

Ukiuhamishia bustanini, uwe mbali na jengo, bomba na njia ya zege. Benchi nalo liwekwe pembeni ya kivuli, lisiwe chini ya tawi kubwa.