Mapenzi ya Wodini: Kinachotuvuta Katika Riwaya za Zamani za Hospitalini

Wanaozibeza riwaya za zamani za Uingereza za mapenzi ya hospitalini huanza na daktari. Ni mrefu, ana mali, ni bingwa wa upasuaji, maneno yake ni ya kuhesabu, na mwishoni anamwoa muuguzi aliyedhani kwamba mkubwa huyo hata jina lake halijui. Wanaozipenda nao ukiwauliza, wengi watakutajia daktari huyohuyo. Kwa maoni yangu, daktari ndiye sehemu dhaifu kuliko zote. Kinachozifanya zisomwe tena na tena ni kazi ya wodini, na kazi hiyo iliandikwa na watu walioifanya.

Betty Neels, mmoja wa waandishi waliopendwa sana wa kampuni ya Mills & Boon ya London, inayochapisha riwaya za mapenzi, alikuwa muuguzi na mkunga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu Ufaransa, baadaye akaolewa na Mholanzi, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1969, baada ya kustaafu uuguzi. Alipofariki mwaka 2001 alikuwa ameandika zaidi ya 130. Lucilla Andrews alijifunza uuguzi katika hospitali ya St Thomas', London, miaka ya vita hivyo. Mumewe, aliyekuwa daktari, aliugua na kufariki mwaka 1954, na kalamu ikawa riziki ya mama na binti yake. Wanawake hawa hawakuhitaji kusimuliwa zamu ya usiku ikoje.

Ndiyo maana katika riwaya hizi hata mambo madogo yana uzito. Muuguzi anahesabu vipande vya shashi kabla daktari hajashona, anakuta kimoja kimepungua, na lazima aseme, ingawa mbele yake yuko bwana mkubwa mwenye hasira na chumba kizima kinamtazama. Anasema. Mkono wa daktari unasimama, shashi inatafutwa mpaka inapatikana, na kazi inaendelea bila mtu kutamka lolote. Msomaji ameshajua kwamba watu hawa wawili wataaminiana. Hakuna aliyeshikwa mkono, hakuna aliyesifiwa macho, na bado kurasa mbili hizo zina mapenzi kuliko busu linalokuja mwisho wa kitabu.

Mwendo huu wa polepole wa mapenzi ulitoka pia kwenye hospitali zenyewe. Kabla penisilini haijaenea, mwenye nimonia alitegemea sana uangalizi wa saa kwa saa: kugeuzwa, kupozwa mwili, kunyweshwa, kukaliwa karibu mpaka homa ivunjike. Hata miaka ya 1950 mgonjwa aliyepasuliwa angeweza kulala wodini kwa wiki nzima au zaidi. Muuguzi na daktari walikutana kwenye kitanda kilekile siku baada ya siku, wakimhangaikia mtu yuleyule, na nje ya hapo wauguzi wanafunzi waliishi kwenye bweni lenye saa za kurudi na sista, yaani muuguzi mkuu, wa kuwasimamia. Mwandishi hakulazimika kubuni vikwazo. Anayeona usafi wa mapenzi ya riwaya hizi kama unafiki anasahau kwamba kwa msichana wa wakati ule kuchelewa kurudi bwenini lilikuwa jambo zito kweli.

Lawama hata hivyo zipo, na nyingine siwezi kuzipuuza. Ile ya mamlaka ni ya haki. Daktari bingwa anaweza kumkaripia muuguzi mwanafunzi mbele ya wagonjwa asubuhi, jioni akamfungulia mlango wa gari, na kitabu kikatutaka tuone ukali ule kama dalili ya moyo uliofichwa. Katika maisha halisi, ukali wa mkubwa kazini ni ukali tu, na anayeumia hana pa kuusemea. Baadhi ya waandishi walilijua hilo wakampa msichana ulimi wa kujibu. Wengine walimwachia machozi chumba cha kubadilishia nguo.

Lawama nzito zaidi haitajwi mara nyingi. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilianza Julai 1948, na haikuchukua muda ikawa inategemea wauguzi waliotoka Ireland na visiwa vya Karibi. Wengi wa hao wa Karibi walisukumwa kwenye mafunzo ya ngazi ya chini, yasiyofungua njia ya kuwa sista wa wodi. Ndio waliobeba zamu zilezile tunazosimuliwa. Katika riwaya nilizosoma, wakionekana, wanapita kwenye korido wakibeba trei. Hapa siwezi kuwatetea waandishi kwa kusema walikuwa watu wa enzi yao, kwa sababu sifa yao kubwa ni kwamba waliandika walichokiona, na watu hawa walikuwa mbele ya macho yao.

Halafu kuna mwisho wenyewe. Tumemfuata msichana miaka ya mafunzo, tumemwona akijua kazi yake mpaka sista anamwachia wodi usiku, kisha pete inakuja na aproni inavuliwa. Ni kweli kwamba kabla ya vita hospitali nyingi za Uingereza zilitarajia muuguzi anayeolewa aache kazi, hivyo kitabu hakisemi uongo. Kinachonikera ni kwamba kinashangilia. Kurasa zote zilitufundisha kuipenda kazi ile, kisha mistari kumi ya mwisho inatutaka tusiilie.

Mills & Boon bado inachapisha mapenzi ya kidaktari. Siku hizi mwanamke mara nyingi ni daktari mwenyewe, anabishana na mwenzake kuhusu mgonjwa wakiwa sawa kwa cheo, na akiolewa haachi kazi. Hapo zinazishinda zile za zamani waziwazi. Zinaposhindwa ni katikati: mgonjwa anaingia, anaokolewa, anatoka, na wapenzi wanarudi kwenye mambo yao. Ningefurahi kusoma riwaya ya leo yenye mwanamke huyu mpya na wodi ile ya zamani, ambamo mzee wa kitanda cha pembeni ana jina na tunajua usiku alilalaje.