Zawadi ya Mpare

Mpare akioa Uchagani amejitolea kuwa kichekesho cha ukoo maisha yake yote. Sisi na Wachaga ni watani. Ukifika na zawadi ndogo: "Si Mpare huyo!" Ukifika na kubwa: "Huyu Mpare kaiba wapi?" Ukinyamaza mezani, wanasema unapiga hesabu ya nyama. Ile hadithi ya Mpare aliyeuza ng'ombe ili aende mahakamani kudai kuku, mashemeji zangu wote wamenisimulia, na kila mmoja anasimulia kana kwamba kaitunga yeye.

Basi Desemba ile, Wachaga wa Dar walipoanza kufunga mizigo kwenda kula Krismasi kwao, nikasema safari hii nawaziba midomo. Mama mkwe alikuwa analalamika muda mrefu kwamba siku hizi picha za wajukuu zinakaa kwenye simu za wenyewe; yeye akitaka kumwona mtoto mpaka ambembeleze mtu amfungulie simu, na akishafunguliwa ananyang'anywa kabla hajavaa miwani. Nikaamua kumnunulia fremu ya picha ya kidijitali. Ni kioo cha inchi 10 chenye mguu nyuma, unachomeka kadi yenye picha, unaweka kabatini, picha zinajibadilisha zenyewe kutwa nzima.

Niliipata Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Bei tulielewana na muuzaji kwa WhatsApp. Yaliyosemwa humo ni siri ya mnunuzi na muuzaji, tuyaache hapo.

Kuijaza picha ndiyo ilikuwa kazi. Kadi mpya ya GB 64 niliyonunua haikusomeka kabisa. Muuzaji akaniambia fremu za aina ile zinaishia GB 32 zilizofomatiwa kwa mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, na kadi kubwa zaidi ya hapo huja na mfumo mwingine, exFAT, ambao fremu haiujui. Ninunue kadi nyingine? Wakati ndani ya simu yangu imo ya GB 32 nzima nzima? Nikaichomoa. Ilikuwa na vitu vyangu vyote vya simu ya zamani, maana kioo kilipokufa fundi alihamishia humo kila kitu, na skrini shoti za simu mpya zilikuwa zinaingia humo humo. Nafasi bado ilikuwepo tele. Nikafungua folda, nikaiita 01 MAMA, ili iwe ya kwanza.

Picha za mke wangu zikagoma. Yeye anatumia iPhone, na simu hizo tangu 2017 zinahifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, fremu inataka JPEG. Nikazibadilisha. Zilizobadilika zikalala ubavu. Kumbe ukipiga picha simu ikiwa wima, picha yenyewe mara nyingi haigeuzwi. Simu inaandika tu ndani ya faili kwamba hii isimamishwe wakati wa kuonyeshwa. Fremu yangu haikuwa na habari na maandishi hayo. Mjukuu wa kipaimara alikuwa amelala, askofu amelala, keki imelala. Nikazigeuza moja moja kwa kompyuta ya ofisini, saa za kazi, huku nimekunja uso ili bosi aone nahangaika na ripoti.

Safari ya Marangu siisimulii. Zaidi ya kilomita 500, foleni za Desemba, na uchungu wa kupita Same, kwetu, nikiwapungia ndugu zangu dirishani huku nikikimbilia kwa wakwe.

Siku ya Krismasi, watu wametoka kanisani, ndafu inamalizikia jikoni, nikaitoa fremu mbele ya kadamnasi. Soketi iliyokuwa na nafasi ilikuwa nyuma ya kiti cha Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, mzee wa ukoo. Akasogea, nikachomeka, akarudisha kiti, akakaa. Rimoti aliidaka mtoto wa shemeji, mwanafunzi wa darasa la pili, na mbele ya bibi yake humnyang'anyi kitu. Fremu yenyewe nikaiweka juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha ya marehemu.

Folda ya 01 ikaanza. Jamani! Harusi yetu. Wajukuu. Marehemu mwenyewe kasimama kwenye kihamba chake, kashika mkungu wa ndizi. Mama akalia kidogo, akacheka, akalia tena. Shemeji mkubwa akanipa mkono. Baba Mdogo akaweka kata ya mbege chini, akasema, "Mangi, leo umetuaibisha watani wako."

Ningependa niishie hapo, lakini folda iliisha.

Nilidhani ikiisha inarudi mwanzo. Fremu ya Aggrey hairudi mwanzo, inaendelea na folda inayofuata, na inayofuata, mpaka kadi iishe. Likaja ua jekundu, kikombe cha chai kinafuka moshi, na "Asubuhi njema" pamoja na Zaburi ya 23. Mama akasema, "Amina." Nikatikisa kichwa taratibu, kumaanisha ndiyo, hata hilo nililipanga.

Ikafuata Toyota IST, "haidaiwi, bei maelewano". Shemeji mmoja akaniuliza kwa nini nauza gari wakati tumekuja na basi. Kabla sijajibu, machalari yanapita mkono kwa mkono, skrini nzima ikajaa bomba la choo changu cha Tabata. Lilikuwa limeziba, nikampigia fundi picha kwa karibu, tochi imewashwa, kila kitu kinaonekana. Shangazi, ambaye hakuwa na miwani, akauliza kama ni machimbo ya Mirerani.

"Mwanangu, zima," nikamwambia mtoto kwa upole wa wakwe.

Picha hiyo hata mimi sikuwahi kuiona tena tangu niitume. Baadaye ndiyo nikajua: WhatsApp huweka picha ulizotuma kwenye folda iitwayo Sent, yenye kifaili kidogo kinachoiambia galari ya simu isizionyeshe. Simu inatii. Fremu ilikuwa inaniletea mambo niliyoyasahau kabisa.

Mtoto akabonyeza. Lakini alibonyeza kitufe cha kusimamisha, na kilichosimama ni daftari la michango.

Hapa nieleze. Shemeji yetu wa mwisho alikuwa anaoa baada ya Pasaka, na kamati ya harusi ilinipa mimi uhazini. Walisema pesa akishika Mpare, hata yeye mwenyewe haziwezi kumtoka. Daftari nililipiga picha nikamtumia mwenyekiti. Mwandiko wangu mzuri, mistari minyoofu: Jina, Ahadi, Amelipa, Bado. Mstari wa kwanza: Baba Mdogo, ahadi 1,000,000, amelipa kistari. Huyu ndiye aliyesimama kwenye kikao akaahidi hadi akapigiwa vigelegele. Sebule ikawa inasoma kimya kimya, midomo inacheza. Mama ndogo mmoja alipofika kwenye jina lake akakumbuka kuwa kaacha kitu jikoni.

Kuchomoa waya haikuwezekana. Soketi iko nyuma ya mzee, na mkwe hamwambii mzee "hebu inuka", hasa mzee anayesoma deni lake ukutani. Nikaomba umeme ukatike. Umeme ambao sikukuu nyingine zote hukatika mtu akigusa tu swichi ya pasi, siku hiyo ulikuwa imara.

"Bonyeza tena," nikamwambia mtoto.

Akabonyeza. Daftari likaondoka. Ikaja skrini shoti ya mazungumzo yangu na muuzaji wa Aggrey, niliyomtumia kaka yangu Same ili aone navyojua kupatana. Mama aliinuka, akavaa miwani, akaenda hadi kabatini, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea matangazo kanisani:

"'Kaka hiyo laki na nusu ni nyingi. Huna iliyochubuka?'"

Akageuka kuniangalia. Akarudi kwenye kioo.

"'Ipo ina mchubuko nyuma, tisini.' 'Nifanyie themanini. Mchubuko wa nyuma nani atauona. Ni ya mama mkwe tu.'"

Akaishusha fremu, akaigeuza. Mchubuko ulikuwepo, kona ya chini, kama nilivyomwambia muuzaji, huuoni mpaka uigeuze fremu.

Kicheko kilichotoka pale nadhani hata wapagazi waliokuwa getini mwa mlima walikisikia. Baba Mdogo alicheka kuliko wote, machozi yanamtoka, kicheko cha mtu aliyeona habari imehama kutoka kwake. Haikumsaidia. Mama akamgeukia akiwa bado kashika fremu mkononi: "Wewe cheka tu. Milioni iko wapi?" Ujumbe wa muamala uliingia kwenye simu yangu kabla pilau halijapakuliwa. Laki sita, nyingine akaahidi Januari. Yule mama ndogo wa jikoni alituma yote.

Kesho yake nikataka kufuta kadi, nibakize folda ya 01. Mama akanikatalia. Bomba nitoe, gari nitoe. Daftari libaki hadi harusi ipite, kwa kuwa kuna wageni wengine wanakuja mwaka mpya.

Siku ya kuondoka alitufungia mkungu wa ndizi, maparachichi na kahawa, akanisindikiza hadi barabarani. Akanivuta pembeni, mke wangu asisikie.

"Mwanangu, yule kijana wa Aggrey, namba yake bado unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Muulize kama anayo nyingine, nimpelekee dada yangu wa Kilema. Hata ikiwa imechubuka si neno. Ni ya dada tu."