Namba ya Pembeni

Mtu asikudanganye kwamba kompyuta ya gemu hununuliwa ili mtu acheze gemu. Hununuliwa ili ugeuke fundi asiye na mshahara, zamu yako iwe ya usiku, na bosi wako awe namba ya kijani pembeni mwa skrini.

Namba yenyewe ni fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kompyuta inachora kila sekunde. Ikisoma 60, kompyuta ina milisekunde 16 na ushee za kuchora kila picha. Ikisoma 30, kila picha imekula milisekunde 33. Wenzetu wenye skrini za hezi 144, zinazobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, picha yao haitakiwi kufika hata milisekunde 7, na hao ndio wanaolalamika kuliko wote.

Yangu mimi inasoma 60 safi kabisa kwenye menyu, pale ambapo hakuna kinachotokea zaidi ya jina la gemu na moshi nyuma yake. Niingie vitani sasa. Adui akitokeza mlangoni, 60 inakuwa 41. Akirusha bomu, 23. Moshi ukitanda, 14, na hapo nimekaa natazama maonyesho ya picha mnato za kifo changu mwenyewe: ya kwanza nimesimama, ya pili bado nimesimama, ya tatu nimelala chali. Katikati kulitokea nini? Kompyuta haisemi.

Ubaya zaidi, ukishaiwasha hiyo namba macho hayatoki tena pale. Mzee wa kwenye gemu anaweza kunisimulia siri yote ya ukoo wa mfalme, nani alimpa nani sumu, mimi namtazama 38 anavyohangaika kuwa 40. Mzee akimaliza ananiuliza, "Uko tayari kulipiza kisasi?" Kisasi cha nani, mzee wangu?

Thubutu kusema shida yako mbele za watu. "Kaka, umesasisha draiva ya kadi ya picha?" Nimesasisha hiyo draiva, programu inayoiongoza kadi inayochora picha. "Basi ndiyo tatizo hilo, rudi kwenye ya zamani." Anakuja mwingine na uhakika wa daktari bingwa: "Hiyo ni intaneti yako tu." Jamani! Intaneti ikisuasua, adui anaruka ghafla kutoka ukuta huu hadi ule na risasi zako hazimpati, ila ukigeuza kamera picha inateleza vizuri tu. Fremu zikipungua, hata gemu isiyotaka intaneti, uko peke yako porini na kondoo wawili, bado inakwamakwama. Magonjwa mawili tofauti, dawa mbili tofauti. Ila utamwambia nani, na keshaondoka zake?

Wa "zima uwashe" simchukii. Wakati mwingine anapatia, ndiyo maana anaudhi.

Hatari ni yule wa "nunua kadi mpya". Hapimi, haulizi, anafungua pochi yako tu. Wakati kipimo kipo na ni cha bure: tazama kadi inafanya kazi kiasi gani gemu likiwa linaendelea. Ikiwa kwenye asilimia 97 au 99, kweli imelemewa. Ikiwa kwenye 50 na fremu bado chache, mara nyingi anayechelewesha ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na hiyo kadi mpya nayo itakuja kukaa pale ikingoja kazi. Au shusha ukubwa wa picha. 4K ina pikseli, vile vidoti vya picha, zaidi ya milioni 8, mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Ukishusha na fremu zikapanda, kadi ndiyo ilikuwa inaumia. Zisipopanda, usiguse pochi.

Halafu hivi vitu vinavyouzwa vikiwa vimelala, hilo nalo nani alilipitisha? RAM ya DDR4, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imeandikwa mwendo wa 3200 kwa herufi kubwa, umeilipia 3200, ukiichomeka inaweza kukimbia 2133 mpaka uzame kwenye BIOS, mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, uiamshe kwa kitu kinachoitwa XMP. Skrini ya hezi 144 nayo inakaa kwenye 60 ikikutazama, mpaka uende kwenye mipangilio ukaiombe. Na kebo ya skrini ina matundu mawili ya kuingia nyuma ya mashine: moja la mazabodi (ubao mkuu wa mashine), moja la kadi. Umbo lile lile. Ukichomeka la mazabodi, na prosesa yako ikiwa inaweza kuchora yenyewe, picha inakuja vizuri, taa zinawaka, kadi ya bei mbaya inakaa inapiga miayo.

Joto ndilo gumu zaidi, maana linakuja na adabu. Nusu saa ya kwanza kila kitu kinateleza, unaanza hata kujisifu. Kisha kadi ikizidi nyuzi 80 na kitu, inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua, na namba inaanza kuteremka. Fungua ubavu wa boksi uone. Katikati ya mapezi ya chuma utakuta vumbi la kijivu limeshikana, ukilivuta kwa kucha linabanduka shuka zima, na nywele ndani yake ambayo hakuna mtu nyumbani mwenye rangi hiyo. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke hovyo. Na funga mdomo.

Kuna na wapangaji wasiolipa kodi. Nilifungua orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini, nikakuta mpaka taa za kibodi zina programu yao! Programu ya taa ina kijiprogramu cha kuitafutia apdeti, na hicho kijiprogramu ndicho kilikuwa kinashughulisha prosesa. Taa zenyewe sizitazami. Natazama namba.

Nimefuta, nimepuliza, nimeamsha, nimeshusha vivuli kutoka ubora wa juu kabisa hadi wa kati, nimezima ile ya kufuatilia miale ya mwanga iliyokuwa inanichorea dimbwi zuri ambalo nalikanyaga tu nikikimbia. Namba ikatulia kwenye 60. Vitani 60, kwenye moshi 60. Nikamrudia mzee wa kwenye gemu nimsikilize vizuri sasa, anianzie upya habari za sumu.

Hapo ndipo ikaja taarifa: draiva mpya imetoka, inaboresha utendaji. Nikaikubali, maana nani anakataa maboresho? Kumbe draiva ikibadilika, sheda zote, vile vijiprogramu vinavyoielekeza kadi namna ya kupaka mwanga na rangi, hutengenezwa upya. Mzee amefungua mdomo, amegandia kwenye "Mfalme ali—", na pembeni pameandikwa 9.